Kosa si la Samaki: Kuitazama The Social Dilemma Kutoka Bwejuu

Ukihudhuria semina ya vijana na mitandao, iwe mjini Unguja au kwengine, kuna uwezekano mkubwa utaoneshwa vipande vya The Social Dilemma. Dokumentari hii ya Jeff Orlowski, yenye dakika 94, iliingia Netflix Septemba 2020, na bado ndiyo inayotajwa mwanzo mtu akitaka kueleza jinsi simu zinavyosanifiwa ili zisituachie. Nimeshaitazama mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na vijana wenzangu hapa Bwejuu, na kila mara naona jambo lile lile: nusu ya mwanzo ina nguvu, nusu ya mwisho inalegea. Filamu inauchunguza mtego vizuri sana, halafu inamtaka samaki ajirekebishe. Makala hii inabishana na hiyo nusu ya mwisho, maana ndiyo inayobebwa mpaka kwenye semina zetu, na nasaha zake nyingi hazikai sawa kwenye pwani hii.

Mtego unavyofanya kazi

Tuanze na sifa, kwa sababu inastahiki. Wasemaji wakuu wa filamu ni watu waliokuwa jikoni wenyewe. Tristan Harris alikuwa Google, na mwaka 2013 aliwasambazia wafanyakazi wenzake waraka akiwaomba wapunguze kuvuruga umakini wa watumiaji. Justin Rosenstein ni miongoni mwa waliotengeneza kitufe cha laiki cha Facebook. Aza Raskin ndiye aliyebuni, mwaka 2006, ukurasa unaoshuka bila mwisho.

Hebu tukae kidogo na huo ukurasa, kwa sababu ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Zamani ukifika chini ya ukurasa wa tovuti unakutana na namba: 1, 2, 3, bonyeza uendelee. Ile sekunde moja ya kubonyeza ilikuwa na kazi yake. Ndipo mtu alipojiuliza: niendelee au nikalale? Raskin alikiondoa kituo kile. Hakudanganya mtu wala hakuvunja sheria, na baadaye amesema hadharani kwamba anajutia. Lakini tangu hapo kuendelea hakuhitaji tena uamuzi; kinachohitaji uamuzi ni kuacha. Mzigo umehamishwa kutoka kwenye programu kwenda kwa mtu, na mtu mwenyewe kachoka, saa nne usiku, kalala chali.

Mbinu ya pili ni zawadi isiyotabirika. Mwaka 1957 wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha kitabu kikubwa cha majaribio ya wanyama, hasa njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate nafaka. Njiwa ambaye hajui nafaka itakuja baada ya midonoo mingapi, mara michache, mara mingi, alidonoa kwa kasi, na hata nafaka ilipokatwa alichelewa sana kukata tamaa. Mashine za kamari zinafuata kanuni hiyo hiyo. Kuvuta ukurasa chini uone kama kuna jipya ni ndugu yake wa tumbo moja.

Kwa nini kampuni zifanye hivi? Filamu inajibu bila kuzunguka: huduma ni bure kwa sababu mlipaji ni mwenye matangazo, na anachonunua ni muda wa macho yako. Kwa hiyo kila badiliko la usanifu linapimwa kwa namba moja: je, amekaa zaidi? Hapahitajiki mtu mbaya. Inatosha kuwa na namba moja, na maelfu ya watu wenye akili wanaolipwa ili namba hiyo ipande.

Pale sayansi inapopitiwa haraka

Sasa tuingie kwenye mapungufu, na la mwanzo ni la kisayansi. Filamu inaigusa dopamini kwa namna ambayo tumeshaizoea mitaani: kitu fulani cha raha kinachomwagika kwenye ubongo kila notifikesheni ikilia. Ukweli unavutia zaidi ya hapo. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za dopamini za nyani waliopewa juisi baada ya ishara. Mwanzoni seli zilishtuka juisi ilipofika. Nyani walipokwisha kujifunza, seli zilishtuka kwenye ishara, si kwenye juisi. Na ishara ikija bila juisi kufuata, seli zilinyamaza chini ya kawaida yake. Yaani dopamini inapeleka habari za tofauti: nilitarajia nini, nimepata nini. Mtafiti mwengine, Kent Berridge, ameonesha kwamba kutaka kitu na kukifurahia ni mambo mawili kwenye ubongo, na dopamini inashughulika zaidi na kule kutaka.

Hili si la kubishania maneno. Linaeleza jambo ambalo "dopamini ya raha" hailielezi: kwa nini mtu anaskroli saa nzima na akikuulizwa anasema hajafurahia kitu. Hakuwa akifurahia. Alikuwa akitaka.

La pili ni afya ya akili. Filamu inatuonesha grafu za kutisha za wasichana wa Marekani, halafu muziki unashuka, na mtazamaji anaachiwa aamini kwamba sababu ni moja. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wapo wanaowapinga, na mjadala haujafungwa. Lakini mtu anayetaka kuwafahamisha vijana sayansi hawezi kuwapa upande mmoja na kinanda cha huzuni.

Je, hii ina maana mtego haupo? Hapana. Ina maana hoja ya maadili isijengwe juu ya ugonjwa. Kuna ushahidi ulio imara zaidi. Mwaka 2022 wachumi Hunt Allcott, Matthew Gentzkow na Lena Song walichapisha jaribio ambamo Wamarekani walilipwa wapunguze matumizi ya mitandao, na wengine wakapewa nyenzo ya kujiwekea mipaka wenyewe. Makadirio yao: kiasi cha asilimia 31 ya muda wa mitandao ya kijamii unatokana na watu kushindwa kujizuia. Karibu theluthi ya muda ni muda ambao mtumiaji mwenyewe, akiwa ametulia, asingeuchagua.

Kwangu mimi hapo ndipo penye kosa la kimaadili. Huyu mtu hana haja ya kuwa mgonjwa. Amechukuliwa kitu ambacho yeye mwenyewe anasema hakukitoa.

Watatu dhidi ya mmoja

Katikati ya mahojiano filamu imepandikiza mchezo wa familia ya Kimarekani. Mama anafungia simu za watoto kwenye kopo lenye saa ili wale chakula cha usiku kwa utulivu. Binti mdogo analivunja kopo. Kaka yake, Ben, anaahidiana na mama kukaa wiki nzima bila simu. Nyuma ya pazia tunaoneshwa algoriti kwa sura ya wanaume watatu, wote wakiigizwa na Vincent Kartheiser, wanaomchungulia Ben na kutafuta cha kumrudisha. Wanapata: habari kwamba msichana aliyekuwa mpenzi wake ana mtu mwengine. Ben anachukua simu.

Kama mchezo, ni mzito kidogo, unakufahamisha kila kitu mara mbili. Kama hoja, ni bora kuliko watengenezaji wake walivyokusudia. Watatu, wasiolala, wenye kumbukumbu ya kila alichowahi kukitazama, dhidi ya kijana mmoja na ahadi aliyompa mamake. Filamu imetuthibitishia kwa macho yetu kwamba nia peke yake haitoshi. Halafu majina ya waigizaji yanapoanza kupita mwishoni, wasemaji wale wale wanatushauri nini? Zima notifikesheni. Futa programu. Usiingie na simu chumbani. Yaani turudi kwenye kopo la mama, ambalo tumeshaona likivunjwa.

Na kuna jengine ambalo filamu hailigusi: nyumba iliyomo. Netflix nayo inajichezea kipindi kinachofuata usipoizuia, na mwaka 2017 mkuu wake Reed Hastings alisema kwamba mshindani wao ni usingizi. Dokumentari ya dakika 94 kuhusu kunasa macho ilikosa hata dakika moja ya kumtaja mwenye nyumba.

Bando halimo kwenye filamu

Kwenye ile familia hakuna anayeuliza bando limebaki kiasi gani. Intaneti ipo kama hewa. Huku kwetu kila sekunde ina bei iliyolipwa mwanzo. Video ikijicheza yenyewe, haikuchukulii muda tu, inachukua MB ulizonunua asubuhi kwa pesa ya nauli. Kule mtego unakula muda. Huku unakula muda na vocha. Mpangilio wa awali unaoruhusu video zijicheze ni uamuzi wa msanifu mmoja aliyeko mbali, lakini anayeulipia ni mtu wa Bwejuu, na hakuulizwa.

Bei hiyo hiyo imetumika pia kutuingiza ndani. Mwaka 2014 Tigo ilianza kuwapa wateja wake Tanzania Facebook ya Kiswahili bila kukatwa data, na Oktoba mwaka huo ukafuata mpango wa Internet.org wa Facebook yenyewe. Ulielezwa kama msaada wa kuwaunganisha wasiounganishwa, na kweli wapo waliopata faida. Lakini tazama umbo lake: kuingia Facebook ni bure, kutoka kwenda kwenye sehemu nyingine kubwa ya intaneti unalipa. Mtu mwenye shilingi mia tano mfukoni hana haja ya kunaswa kwa hila. Hesabu yenyewe inamnasa. India iliikataa bei ya namna hiyo Februari 2016, mdhibiti wake alipopiga marufuku kutoza bei tofauti kwa maudhui tofauti. Sisi hatukuwahi kuwa na mjadala wa uzito ule, na mpaka leo bando la mitandao ya kijamii peke yake ni kitu cha kawaida kabisa sokoni.

"Nikifuta, nitakula nini?"

Tulipofika kwenye ule ushauri wa kufuta programu, kijana mmoja anayepeleka wageni Blue Lagoon alicheka. "Dada, wageni wangu wote wananipata Instagram. Nikifuta, nitakula nini?"

Hakuwa akifanya mzaha. Kijiji hichi kinaishi kwa bahari na wageni. Wanawake wanalima mwani, kilimo kilichoanza kibiashara pwani hii ya mashariki mwaka 1989. Wengine wanasokota kamba za makumbi, wengine wanatafuta pweza maji yakitoka. Vijana wako kwenye hoteli, boti na kaiti za Paje. Siku hizi mnunuzi, mgeni, grupu la skuli, kikundi cha kuweka na kukopa, na ami aliyeko Maskati, wote wanapita kwenye programu mbili tatu. Kusema "futa" ni kumwambia mtu afunge duka.

Ubaya wa usanifu huu umejificha hapo hapo. Ujumbe unaouhitaji na ukurasa unaokunasa vimewekwa kwenye jengo moja, na mlango ni mmoja. Mama anafungua simu aone kama mgeni aliyeuliza chumba amejibu. Jibu halijaja, lakini kuna video imeshaanza. Dakika arubaini baadaye bado yuko pale, na mtu wa nje atasema hana nidhamu. Hakwenda kucheza. Alikwenda kazini, njia ikapitishwa kwenye uwanja wa michezo kwa makusudi.

"Mbona kila zama ina lawama zake?"

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Redio ililaumiwa. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwaka 1973, tena ya rangi wakati sehemu kubwa ya Afrika haina, wapo waliosema watoto hawatasoma tena. Watu wameendelea kusoma. Kwa nini simu iwe tofauti?

Nafikiri tofauti ni mbili, na zote ni za usanifu. Ya mwanzo, televisheni ile ilikuwa na saa ya kufunga. Kituo kilikuwepo ndani yake. Ya pili, ilikuwa haikutazami. Ilirusha kipindi kimoja kwa Mkunazini na kwa Makunduchi, bila kujua nani amesinzia. Simu inajua umesita wapi, imepima, na kesho itakuletea kile kile ulichositia. Kuvutia watu si dhambi. Mwimbaji wa taarab anavutia, msimulizi wa hadithi anavutia, na mimi najaribu kukuvutia hivi sasa. Tatizo ni kuvutia kwa kumpima mtu asiyejua anapimwa, kwa lengo ambalo si lake, na kumwondolea mahali pa kusimama.

Tunadhibiti maneno, hatudhibiti dema

Ukitazama namna nchi zetu zilivyolishughulikia suala hili, utaona jicho limeelekezwa kwenye maudhui. Tanzania ilitunga Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni mwaka 2018, ikazitunga upya 2020: nani apate leseni, nini kisisemwe. Kenya mwaka 2023 lilifika Bungeni ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku, na malalamiko makubwa yalikuwa video chafu na matusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni hatua nzuri, lakini inalinda taarifa za mtu. Haigusi namna macho yake yanavyoshikiliwa. Unaweza kuwa na mtandao usio na tusi hata moja, na bado ukawa mtego.

Kwamba usanifu wenyewe unaweza kudhibitiwa, ushahidi upo. Aprili 2024 Kamisheni ya Ulaya ilifungua uchunguzi juu ya TikTok Lite, iliyokuwa ikiwapa watu wa Ufaransa na Uhispania pointi zenye thamani ya pesa kwa kutazama video na kualika marafiki. Agosti mwaka huo huo kampuni iliahidi kuuondoa mpango huo wa zawadi kwenye Umoja wa Ulaya wote, na ahadi ikafanywa kuwa ya lazima kisheria. Hakuna video iliyofungiwa. Kilichoondolewa ni kipande cha mtego.

Hapa pwani tunalijua dema: limefumwa kwa mianzi, mlango wake mpana kwa nje na unakwenda ukibana kwa ndani. Samaki anaingia kwa hiari yake akifuata chambo. Kutoka ndiyo kazi. Sijawahi kumsikia mvuvi akisema samaki hana nidhamu. Upande wa pwani ya Kenya watafiti wamejaribu kuweka mwanya wa sentimita chache kwenye madema ili samaki wadogo wapate kutoka. Wadogo walionaswa wakapungua, na wakubwa wakaendelea kunaswa. Dema halikupigwa marufuku, na samaki hawakupewa semina. Kilichobadilishwa ni dema.

Mwanya wetu ungekuwaje? Nitataja minne tu, na yote inawezekana kiufundi leo. Video isijicheze yenyewe mpaka mtu aiwashe, hasa kwa anayetumia bando la kulipia kabla. Ukurasa uwe na mwisho, na wa kuendelea abonyeze. Ujumbe uwe na mlango wake, mtu aweze kusoma na kujibu bila kupitishwa kwenye video. Na bando la bei nafuu lisimfungie mtu kwenye programu tatu. Mia tano ile ile imruhusu kwenda anakotaka. Haya ni maswali ya kuulizwa TCRA, kampuni za simu na wenye mitandao. Haifai yaishie kwa mama wa nyumba.

Sisemi mzazi asimnyang'anye mtoto simu usiku. Amnyang'anye. Sisemi usizime notifikesheni. Mimi zangu nimezima. Nasema hizo ni juhudi za mtu aliyekwisha kuingia, na jamii ikisimama hapo itakuwa inamlaumu aliyenaswa kwa kazi ya aliyefuma.

Tena hili linatugusa sisi wa vyuoni kwa karibu. Wanafunzi wa kompyuta wa SUZA na vyuo vyengine wanaandika programu za mikopo, za kuuza samaki, za kujifunzia. Muda si mrefu mtu atamwambia mmoja wao: ongeza notifikesheni, watu hawakai. Wasemaji wa The Social Dilemma waliyatambua mengi baada ya kujenga. Ninyi mna nafasi ya kuuliza kabla: huyu mtumiaji akitulia kesho asubuhi, atasema alitaka kukaa hapa?

Kwa hiyo filamu itazameni, na kama una semina ya kuendesha, ioneshe. Ikifika kwenye zile nasaha za mwisho, isimamishe. Ziandikeni ubaoni moja moja, mjiulize kila moja inamgusa nani: samaki, au dema?